UZI: Nimekopi faili kwenda E: lakini hazionekani. Hivi kompyuta inakumbukaje folda uliyosimama kwenye kila draivu?

Fundi wa Mkunguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeukalia tangu Jumamosi. Nilitaka kwanza niwe na uhakika na ninachokiandika, maana jambo lenyewe limenigharimu usingizi na limemuumiza mteja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Nina banda la steshenari Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Tunachapa, tunaskani, tunahamisha picha. Jumamosi mchana alikuja dada mmoja na flashi yake, ndani ina folda ya picha za kitchen party ya mdogo wake. Mpiga picha alikuwa ameshaniachia picha 214 za sendoff kwenye mashine. Dada akaomba nimwekee humo humo kwenye flashi, zikaonyeshwe ukumbini jioni ile ile.

Mashine yangu ni ya zamani, ukishika picha nyingi kwa mausi inakwama. Kwa hiyo kazi za namna hiyo nazifanya kwenye dirisha jeusi la amri. Nikaandika hivi:

E:
cd "KITCHEN PARTY"
dir
C:
copy *.jpg E:

E: ni flashi, C: ni diski ya mashine; cd ni kuingia folda, dir ni kuorodhesha faili, copy ni kukopi. Hizo tatu za mwanzo nilikuwa nachungulia tu kuona picha zake za zamani ziko salama. Kisha nikarudi C: nikakopi. Majina yakateremka, mwisho ikaandika 214 file(s) copied. Na kwa kuwa sipendi kumpa mtu flashi bila kuhakiki, nikaandika dir E: na picha zote nikaziona kwa macho yangu. Nikachomoa flashi, nikamkabidhi.

Saa mbili usiku simu inaita. "Kaka, flashi haina kitu. Tumeichomeka kwenye projekta, hakuna hata picha moja ya leo. MC ameshatangaza."

Nimezitazama zile amri tano siku nzima ya Jumapili mpaka nikaelewa. Picha zilikuwemo. Zilikuwa ndani ya KITCHEN PARTY.

Sababu ni hii. Unapoandika E: bila mkwaju wa kinyume, huu \, hujaiambia kompyuta "juu kabisa ya flashi". Umeiambia "pale nilipokuwa nimesimama mara ya mwisho kwenye E:". Mimi mara ya mwisho kwenye E: nilisimama ndani ya KITCHEN PARTY. Kuhama kwenda C: hakukufuta kumbukumbu hiyo.

Chukua mtu mwenye nyumba mbili, moja Mbagala na moja Tegeta. Tegeta ameondoka akiwa stoo, sasa yuko Mbagala sebuleni. Akisema "peleka mzigo Tegeta", mzigo unaenda stoo ya Tegeta, kwa sababu ndipo alipoishia. Akitaka ubaki getini lazima aseme getini. Mkwaju ndilo geti. copy *.jpg E:\ ingenipeleka getini.

Na kilichonikosesha kabisa ni ule uhakiki wangu. dir E: nayo inafuata kanuni ile ile, kwa hiyo ilinionyesha folda ile ile niliyokosea. Ukweli ulikuwepo kwenye mstari wa juu, Directory of E:\KITCHEN PARTY, lakini kwa majina 214 mstari ule ulishapanda juu ukapotea kabla jicho halijaufikia.

Naomba tujadiliane kwa kina. Kwa nini kompyuta ikumbuke folda ya kila draivu? Nani anakumbuka? Na inakumbuka hadi lini?

---

Afisa Ubungo

Mkuu pole sana. Na mimi nina kovu la jambo hili hili, ila langu lilikuwa la kufuta.

Nilikuwa naangalia kompyuta za ofisi moja hapa mjini. Kila siku faili za hesabu zilikuwa zinakopiwa kwenda diski ya pili, D:\BAKAPU. Diski ikawa inajaa, nikaandika kiskripti (faili ya amri zinazofuatana) cha kufuta bakapu za zamani. Mistari muhimu ilikuwa miwili, wa pili unafuta faili zote za folda uliyosimama bila kuuliza:

cd D:\BAKAPU
del /q *.*

Nikakiweka kiskripti kwenye C:\HESABU, nikafungua dirisha la amri, nikasimama humo humo C:\HESABU, nikakiendesha. Kikafika katikati ikatokea The batch file cannot be found. Nikashangaa, faili gani haionekani na ndiyo inayoendeshwa?

Ilikuwa imejifuta yenyewe. Amri ya cd D:\BAKAPU, ukiiandika ukiwa C:, haikuhamishi kwenda D:. Inabadilisha tu ile alama ya "mahali nilipo kwenye D:", wewe unabaki C: palepale. Haitoi kosa, haitoi onyo. Kwa hiyo del ilifanya kazi ndani ya C:\HESABU. Hesabu zote za ofisi pamoja na kiskripti chenyewe zikaondoka, na zinazofutwa kwa del haziendi kwenye pipa la takataka.

Kilichoniokoa ni kwamba bakapu nilizotaka kuzifuta hazikufutwa. Nikarudisha za jana yake. Risiti za siku moja tu ndizo zilizopotea, mimi na mhasibu tukaziingiza upya kutoka kwenye karatasi kwa siku mbili.

Tangu hapo siandiki cd bila /d kwenye skripti, na sifuti kitu bila kuthibitisha kwamba nimefika:

cd /d D:\BAKAPU || exit /b 1

Ile /d inahamisha draivu na folda kwa pamoja. Sehemu ya pili inasema ukishindwa kufika, acha kazi hapo hapo.

---

Kijana wa Changanyikeni

Kaka Fundi, kaka Afisa, poleni. Mimi nasoma mwaka wa pili, masomo ya kompyuta. Sasa hivi ndiyo nimejua kwamba cd D:\kitu haikuhamishi. Kila siku nilikuwa nadhani kompyuta yangu mbovu!

Ila swali langu ni la kwa nini. Mtu aliyebuni alikuwa na sababu gani? Mbona kwenye Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta tunaofundishwa darasani, hakuna haya?

---

Mzee wa Disketi

Kijana, sababu ipo na ni nzuri. Nitakueleza, maana nimeishi nayo.

Sisi wa umri wangu tulichelewa kukutana na kompyuta ndogo, kwa sababu serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974 na athari yake ilidumu. Zilipotufikia maofisini zilikuwa na DOS, mfumo wa kuendesha kompyuta wa wakati ule, na DOS ilikuwa na mambo ambayo hukuyaelewa mpaka ujue ilikotoka.

Kabla ya DOS kulikuwa na mfumo mwingine, CP/M, kazi ya Gary Kildall. CP/M ilitumia herufi: A: ni diski ya kwanza, B: ya pili. Folda hazikuwepo. Diski ilikuwa ndogo, faili zote zinakaa pamoja kama nguo kwenye beseni. DOS ya kwanza ya 1981 ilifuata mtindo huo huo. Disketi ya IBM PC ilikuwa na KB 160, na orodha yake ilichukua majina 64, basi. Folda za nini?

Kwa hiyo programu za wakati ule ziliijulisha DOS faili kwa njia fupi sana. Zilijaza kijisanduku kwenye kumbukumbu: baiti 1 ya draivu (0 ni draivu uliyopo, 1 ni A, 2 ni B), baiti 8 za jina, baiti 3 za kiambishi. Hesabu, ni baiti 12. Hakuna nafasi ya kuandika folda hata ungetaka.

Mwaka 1983 IBM wakatoa PC XT yenye diski ngumu ya MB 10, na pamoja nayo DOS 2.0 ikaja na folda. Diski ya MB 10 bila folda ingekuwa msitu. Sasa fikiria tatizo walilokuwa nalo. Watu wameshanunua programu. WordStar za mwanzo, programu za kuandikia, hazijui folda, zinajua "draivu B, jina BARUA.TXT" na hakuna zaidi. Ukizivunja, mteja hatahamia kwenye mfumo mpya.

Suluhisho lao lilikuwa hili: DOS yenyewe iweke alama ya folda kwenye kila draivu. Programu ya zamani ikisema B, BARUA.TXT, DOS inajazia yenyewe: "kwenye B: huyu mtu amesimama \BARUA\1983, basi faili ni hiyo ya humo". Programu haijui kwamba folda zipo, na kazi inaendelea. Lakini ili hilo liwezekane, alama moja haitoshi. Programu inaweza kusoma A: na kuandika B: kwa wakati mmoja, na kwa kila upande DOS lazima iwe na jibu. Ndiyo maana kila draivu ina folda yake ya sasa.

Kwa hiyo Fundi, E: yako bila mkwaju ni lugha ya mwaka 1981 inayozungumzwa hadi leo.

---

Fundi wa Mkunguni

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenifungua. Nilikuwa nadhani ni uzembe wa mtu, kumbe ilikuwa heshima kwa programu za zamani.

Naomba uendelee: alama hizo DOS ilizihifadhi wapi?

---

Mzee wa Disketi

Marahaba.

Kuanzia DOS 3 zilikaa kwenye jedwali ndani ya kumbukumbu, safu moja kwa kila herufi ya draivu, na kila safu ina njia kamili ya folda uliyosimama. Waliowahi kuhariri CONFIG.SYS, faili ya mipangilio ya DOS, watakumbuka mstari wa LASTDRIVE. Kazi yake ilikuwa kuiambia DOS itenge safu ngapi. Usipoandika kitu ilitenga hadi E. Ukiandika LASTDRIVE=Z inatenga 26. Kwenye DOS 4 na 5 kila safu ilichukua baiti 88, kwa hiyo 26 ni baiti 2,288. Leo ni kitu kidogo. Wakati tunagombania KB 640 za kumbukumbu ili programu ya hesabu iweze kufunguka, mtu alijiuliza kama kweli anahitaji kufika Z.

Na hapa kuna tofauti kubwa na mnachokiona leo. Jedwali lile lilikuwa la mfumo mzima. Programu ikihama folda, ikifungwa, wewe unajikuta umesimama ilikokuacha. Unatoka C:\OFISI, unafungua programu, unaifunga, mara uko C:\PROGRAM\DATA. Waandishi waangalifu walikariri folda ya mwanzo na kukurudisha wakimaliza. Wengine hawakujali.

---

Bint Kigamboni

Mzee asante kwa somo. Naomba niendeleze kuanzia hapo, maana Windows za leo hazifanyi hivyo tena.

Windows NT ilipotoka 1993 ilijengwa upya kutoka chini. Programu nyingi zinakimbia kwa pamoja, kwa hiyo jedwali moja la mfumo mzima lingekuwa balaa: programu moja ikihama, zote zinahama. Wakaamua kila mchakato (programu ikiwa inakimbia) uwe na folda ya sasa ya kwake. Lakini folda MOJA tu. Sio moja kwa kila draivu.

Sasa, kama mchakato una folda moja, E: ya kaka Fundi ilikumbukwa na nani?

Hapa ndipo ninapopapenda. Kila programu ikianzishwa hupewa orodha ya vigeu vya mazingira, mfano wa karatasi ya maelekezo anayokabidhiwa mtoto anapotumwa dukani. Humo mna PATH, TEMP, jina la mtumiaji na mengine. Wale wahandisi wakachomeka humo humo vigeu vyenye majina ya ajabu, yanayoanza na alama ya sawasawa: =C: na =E: na kadhalika. Thamani yake ni folda uliyosimama mara ya mwisho kwenye draivu hiyo. Ukiandika set peke yake huvioni, vimefichwa. Lakini andika set na alama moja ya nukuu, bila kuifunga:

set "

Dirisha la kaka Fundi siku ile, miongoni mwa mistari, lingeonyesha:

=C:=C:\KAZI\SENDOFF
=E:=E:\KITCHEN PARTY

Ndiyo hiyo alama ya Mzee, imehamishwa kutoka tumboni mwa mfumo ikawekwa kwenye karatasi ya mchakato. Windows ikikutana na E:picha.jpg bila mkwaju, na wewe uko C:, inatafuta kigeu cha =E:. Ikikikuta inakifuata. Isipokikuta inachukua mzizi wa draivu, juu kabisa. Ndiyo maana mara nyingi E: inafanya kazi vizuri na watu wanazoea: hawajawahi kusimama kwenye E: ndani ya dirisha lile, kigeu hakipo, basi wanapelekwa juu. Siku ukichungulia folda moja tu kabla, kigeu kinazaliwa.

Kuhusu "hadi lini": hadi dirisha lifungwe. Ukifungua dirisha lingine jipya kutoka Start, halijui chochote. Ukianzisha programu kutoka ndani ya dirisha la kwanza, inapewa nakala ya karatasi, kwa hiyo inajua. Lakini ikibadilisha nakala yake, mzazi haoni. Lile tatizo la Mzee la kujikuta umeachwa kwenye folda ya programu likafa hapo.

---

Kijana wa Changanyikeni

Dada Bint, nimejaribu sasa hivi kwenye laptopu, set " imefanya kazi! Nimeona =C: na =D: zangu.

Maswali mawili. La kwanza, mbona flashi inagoma kutoka, inaniambia inatumika, wakati nimefunga faili zote? Inahusiana na haya? La pili, nikiandika programu yangu kwa Python, os.chdir inavigusa vigeu hivyo?

---

Bint Kigamboni

La kwanza, ndiyo, na kuna kitu cha kutofautisha. Folda ya sasa halisi, ile moja ya mchakato, Windows inaishikilia ikiwa wazi muda wote. Kama dirisha lako jeusi limesimama E:\, flashi haitoki hata kama hujafungua faili. Lakini ukishahamia C:, kilichobaki ni kigeu cha =E:, na hicho ni maandishi tu, hakishikilii kitu. Kwa hiyo andika C: kisha jaribu tena kuitoa. Ikigoma bado, mshikaji ni programu nyingine.

La pili, Python kwenye Windows inavigusa. Ukiita os.chdir inabadilisha folda ya mchakato na pia inaandika kigeu cha draivu husika. Maktaba ya kawaida ya C ya Microsoft nayo, ukiita _chdir, inafanya hivyo. Lakini ukiita moja kwa moja SetCurrentDirectory ya Windows, inabadilisha folda halisi tu, vigeu havigusi. Maana yake desturi hii inashikiliwa na cmd (lile dirisha jeusi) na hizo maktaba. Mwandishi wa programu asiyeijua atakuwa na programu yenye kumbukumbu pungufu, na atatafuta kosa hilo kwa muda mrefu.

Kisha kuna PowerShell, programu nyingine ya amri ya Windows, ambayo ndiyo naitumia kazini kila siku. Ina utaratibu wake kabisa. Andika Get-PSDrive uone, kuna safu ya CurrentLocation, na kila draivu ina mahali pake, hata zile ambazo si diski, kama HKLM: ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Ila mahali pa PowerShell na folda ya mchakato ni vitu viwili tofauti. Nimewahi kusimama D:\RIPOTI nikaita [IO.File]::WriteAllText, amri ya kuandika faili ya .NET (maktaba ya Microsoft), nikiipa jina tupu la faili, bila njia. Faili ikaenda kwenye folda ambayo PowerShell ilianzishiwa. Nimeitafuta saa nzima. Siku hizi naandika njia kamili kila mahali ninapoita vitu vya .NET.

---

Mti Mmoja

Kijana aliuliza kuhusu Linux, naona hajajibiwa.

Unix, mfumo ambao Linux imefuata mtindo wake, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs, haikuwa na herufi za draivu. Ina mti mmoja wenye shina moja, / . Ukichomeka flashi inapandikizwa kama tawi, mfano /media/jina/FLASHI. Hakuna E: ya kusimama kando, kwa hiyo swali la "nilisimama wapi kwenye ile draivu nyingine" halipo. Mchakato mmoja, folda moja. Ukitaka kurudi ulipotoka kuna cd - lakini hiyo ni kumbukumbu ya sheli (programu inayopokea amri zako), inakumbuka hatua moja ya nyuma tu.

Ila nao walipita kwenye tatizo lililo karibu na hili. Ritchie alisimulia mwenyewe: mwanzoni amri ya kubadilisha folda, chdir, ilikuwa programu ya kawaida. Walipoweka utaratibu wa kila amri kukimbia kwenye mchakato mtoto, chdir ikaacha kufanya kazi ghafla. Waliikagua, haikuwa na kosa. Kumbe ilikuwa inabadilisha folda ya mtoto, mtoto anakufa, mzazi yuko palepale. Ndipo ikaingizwa ndani ya sheli yenyewe, na hadi leo cd ni amri ya ndani.

Na lile la flashi kugoma lipo hata huku. umount, amri ya kuitoa, itakwambia target is busy kama kuna sheli imesimama humo. Mshikaji unampata kwa lsof au fuser, na ukitaka kujua mchakato wowote umesimama wapi, soma kiungo cha /proc/NAMBA/cwd, namba ikiwa ni ya mchakato.

---

Afisa Ubungo

Naongeza moja kwa wanaoandika skripti za usiku. Kiratibu kazi cha Windows, usipokijazia ile sehemu ya Start in, kazi yako mara nyingi inaanzia C:\Windows\System32. Skripti ambayo mchana ukiibofya inafanya kazi vizuri, usiku inatafuta faili kusikokuwa. Mimi mstari wangu wa kwanza siku zote ni huu:

cd /d "%~dp0"

Unasema "simama kwenye folda ambamo skripti hii yenyewe imo", draivu yoyote iwayo.

Na kwa anayehitaji kwenda mahali na kurudi, pushd na popd ni bora kuliko cd. pushd D:\BAKAPU inahamisha draivu na folda bila kuhitaji /d, na popd inakurudisha ulipotoka. Inafanya kazi hata kwa folda ya mtandao, inaipa herufi ya muda kuanzia Z: kushuka chini. cmd yenyewe haikubali kusimama kwenye njia ya mtandao isiyo na herufi.

---

Mama Printa

Jamani nami nina duka la steshenari, Tandika. Nimesoma uzi wote, mengine yamenipita, ila naomba kujua jambo moja la vitendo. Mimi sijui amri, natumia mausi tu. Hili linanihusu?

---

Fundi wa Mkunguni

Dada yangu, ukiburuta picha kwa mausi na kuziachia juu ya E:, zinaenda juu kabisa ya flashi. Hili ni la dirisha la amri na skripti. Lakini kama kuna kijana amekuwekea faili ya .bat ya kukopi picha, ifungue kwa Notepad uangalie. Ukiona imeandikwa E: halafu nafasi au mwisho wa mstari, bila mkwaju, mwambie aongeze mkwaju. Na umuulize kama picha zenye majina yanayofanana zinafunikwa, maana copy ndani ya skripti haikuulizi kabla ya kufunika faili ya zamani, tofauti na ukiandika kwa mkono. Kamera nyingi zinatoa DSC_0001 kila upande.

Jambo hilo la mwisho lilinitia hofu kubwa nilipogundua picha zangu ziliingia KITCHEN PARTY. Kama ningetumia skripti, na kama majina yangegongana, ningekuwa nimefunika kumbukumbu za familia.

---

Kijana wa Changanyikeni

Kaka Fundi, hukutuambia. Yule dada alizipata picha siku ile?

---

Fundi wa Mkunguni

Alizipata, ila kwa kuchelewa.

Aliponipigia nilikuwa sijaelewa kosa bado. Nikamwomba asikate simu, amwambie kijana wa projekta afungue folda moja moja asome majina kwa sauti. Flashi ilikuwa na folda nne. Ya tatu ilikuwa KITCHEN PARTY. Kijana akasema, "humu kuna picha nyingi, za juu ni za jikoni, za chini bibi harusi kavaa dhahabu." Dada akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo hizo."

Dakika kama 20 zilishapita, MC alikuwa amejaza muda kwa muziki. Jumatatu dada alikuja bandani, nikamweleza nilivyokosea, nikamtengenezea folda ya SENDOFF, nikahamisha zile 214 nikizihesabu. Safari hii niliandika move na njia kamili pande zote mbili, kisha dir E:\SENDOFF, nikapandisha skrini hadi juu tukausoma mstari wa kwanza pamoja naye.